Kilima Kilichojifunika Uso

Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani katika ofisi ya kituo cha polisi cha Mbozi, na kila aliyepita mlangoni alikuwa na lake la kusema. Mpishi wa Inspekta aliona ng'ombe wawili wamelala. Karani, ambaye alikuwa mtu wa kanisa, aliona Mlima Sinai. Konstebo wa zamu, ambaye hata hakuulizwa, alisema ile si picha, ni homa. Sajini Hezron Simbeye, askari kanzu aliyeletwa kutoka Tunduma kwa ajili ya kesi hii tu, aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akawafungia mlango.

Ilikuwa Machi ya mwaka 1953, na mvua ilikuwa haijui kuchoka.

Picha yenyewe ilichorwa kwa rangi za mafuta juu ya gunia la unga lililofumuliwa na kuwambwa kwenye fito. Ukiitazama kwa mbali, ilikuwa nchi ya Mbozi ya kila siku: vilima, migomba, anga zito. Ukisogea, vilima vinakuwa watu. Kilima cha kushoto kilikuwa mwanamke. Mteremko ulikuwa mgongo wake, na majani yaliyoota juu yalikuwa kanga, ambayo aliivuta kwa mkono mmoja mpaka ikamfunika uso wote. Mkono wa pili ulining'inia, vidole vimeachana. Kilima cha kulia kilikuwa kikubwa zaidi, mwanamume, mabega yamepandwa kahawa, uso ameugeuzia milima ya nyuma kabisa. Begani mwake ulitoka mti mkavu ulioinama kumwelekea yule mwanamke, ncha yake ikikaribia kugusa vile vidole. Katikati yao, kutoka juu hadi chini, ilipita rangi nyekundu.

Inspekta alikuwa Mwingereza kijana aliyejifunza Kiswahili vitabuni na aliyekisema kana kwamba bado anakisoma. Aliigusa ile nyekundu kwa kiko chake.

"Damu," alisema. "Mti huu ni rungu. Mwanamke anakinga kwa mkono. Na kichwa kimefunikwa, kama maiti. Sajini, mtu huyu amechora ungamo lake."

"Inawezekana, Bwana."

"Jumamosi lori linakwenda Mbeya. Atakwenda nalo kwa kosa la kuua. Picha pia itakwenda."

Pale kituoni hakuna ambaye hakujua kwamba kosa la kuua mwisho wake ni kamba.

Mchoraji aliitwa Yonathani Kibona, mkulima wa kahawa wa Igamba, wa ukoo wa Kindali uliohamia huko zamani. Ujanani alikwenda Rodeshia ya Kaskazini kutafuta kazi ya migodi ya shaba, na badala ya kuchimba akajifunza kuandika mabango ya maduka. Mkewe, Nesta, aliondoka nyumbani siku moja ya mvua kwenda kumwona mama yake ng'ambo ya mto. Hakufika, wala hakurudi. Kikapu chake kilikutwa kimenasa kwenye matete. Majirani walisema wiki ile waliwasikia wakigombana, kwa sababu Yonathani alitaka kurudi migodini na Nesta hakutaka kuachwa. Yonathani alipoulizwa mkewe yuko wapi, hakujibu. Nyumba yake ilipopekuliwa, ikakutwa ile picha, rangi bado mbichi.

Hezron alikuwa ameshapoteza muda wa kutosha. Kwanza ulivuma uvumi kwamba Nesta ameonekana Tunduma akivuka mpaka na mfanyabiashara wa Kibemba. Hezron alimfuatilia mwanamke huyo mpaka akampata anakaanga maandazi, na hakuwa Nesta; isitoshe alimtukana. Kisha Inspekta aliamuru vilima vya Igamba vyenye umbo la mgongo vichimbwe. Walichimba, wakapata mizizi, panya, na malalamiko ya mwenye shamba.

Akaagiza mahabusu aletwe.

Yonathani aliingia akiwa amenyooka, mtu mrefu mwenye rangi ya kijani bado imemganda kwenye kucha. Alipoiona picha yake ukutani aliangalia sakafu.

"Umemchora nani hapa?" Hezron alimuuliza.

"Kilima."

"Kilima gani?"

"Hakipo."

"Kwa nini kimejifunika uso?"

Yonathani alikwangua rangi kwenye ukucha.

"Na huyu mwanamume, ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Yonathani, upesi mno.

Hezron alimwangalia vizuri. Mtu ambaye kwa majuma hakutaka kujibu hata jina la mkewe, swali hili moja alilirukia.

"Ulimpiga kwa nini?"

"Andika unavyotaka, afande. Mimi niko tayari kwenda Mbeya."

"Unajua Mbeya wanakupeleka kufanya nini?"

"Najua."

Hezron alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe, wavusha magendo na mke mmoja aliyemtilia mumewe sumu, na wote, kila mmoja kwa namna yake, walitaka kuishi. Huyu hakutaka. Alirudishwa ndani, na mlango ulipofungwa hakusikika hata akiketi.

Nje, kwenye baraza, mama yake Nesta alikuwa amekaa mahali pake. Ketrina alikuja kila siku tangu mkwewe akamatwe. Ndiye aliyemshitaki, na hakuna aliyethubutu kumwambia aende nyumbani. Hezron alipotoka, mama huyo alipiga goti na kupiga makofi taratibu, kwa viganja vilivyokunjwa, kama anavyosalimiwa mkubwa, ingawa angeweza kumzaa.

"Mmempata?"

"Bado, mama."

"Nipeni hata mfupa mmoja, baba. Siwezi kulia msiba wa mtu ambaye sijui kama amekufa. Nikilia na yuko hai, nitakuwa nimemchuria mwanangu." Alijifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nyumbani kwangu hakuna aliyelia. Moto tunakoka, ugali tunapika, tunaogopa hata kumtaja."

"Wakwe zako wanasemaje?"

"Wanasema nini! Mzee Boazi, baba yake Yonathani, alikuja kunipa pole, akashindwa hata kuinua macho. Mzee wa kanisa mzima, amekuja bila fimbo yake, anajikongoja na mpini wa jembe. Nikajua tu, huyu anajua mwanawe alichofanya."

Hezron aliivua picha kwenye fito, akaikunja, akaifunika kwa turubai, akaifunga kwenye baiskeli.

Njia ya kwenda Igamba ilikuwa matope matupu. Alisukuma baiskeli kuliko alivyoipanda, akipita mashamba ya kahawa na mahindi yaliyoanza kukomaa, mpaka akafika kwenye mto unaotenganisha upande wa akina Kibona na upande wa akina Ketrina. Kivuko chake kilikuwa gogo moja lililolazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na lilikuwa na utelezi wa mlenda.

Akaangalia maji. Yalikuwa mekundu. Mvua ilikuwa imeosha udongo wa vilimani na kuuleta wote mtoni. Aliikunjua picha akailinganisha. Rangi ilikuwa ileile kabisa, na hata pale ile nyekundu ilipopinda katikati ya picha palikuwa kona ya mto huu, pale penye mzizi mkubwa unaotokeza ukingoni.

"Si damu," alisema peke yake.

Akainua macho kutafuta vile vilima. Hapakuwa na kilima. Huku palikuwa tambarare ya matete, na kule ukingo mfupi na njia. Juu zaidi, upande wa Kibona, palikuwa na shamba la kahawa ambalo mtu akisimama angeuona mto wote. Hezron alipanda hadi pale, akasimama kati ya mibuni, na picha ikakaa sawa na nchi, kila kitu mahali pake, isipokuwa vile vilima viwili. Walikuwa wamechimba vilima kumtafuta mtu. Kumbe vilima ndio watu, na mchoraji alikuwa amesimama hapa hapa, anawatazama.

Kwa hiyo yule mwanamume hakuwa Yonathani. Mtu hawezi kuwa kule mtoni na huku mibunini kwa wakati mmoja.

Boma la Mzee Boazi lilikuwa nyuma ya shamba hilo. Kwenye njia ya kuingilia Hezron alikutana na Ferista, mke wa mdogo wake Yonathani, na mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa mchangamfu, mwenye maneno.

"Karibu, afande. Mkichimba tena mje na mbegu, basi, tupande viazi."

"Leo sichimbi, shemeji. Nesta alipita njia hii siku ile?"

"Hii hii. Alinikuta hapa napepeta, akaniambia anampelekea mama yake dengu, nikamwambia mvua—"

Hakumaliza. Mlango wa nyumba kubwa ulikuwa umefunguliwa, na mzee mmoja alikuwa anatoka akiegemea mpini wa jembe. Kuni zilianguka. Ferista aligeuka ghafla akampa mgongo, mkono mmoja ukaivuta kanga ikamfunika uso wote, na akarudi kinyumenyume nje ya njia bila kuangalia anapokanyaga, mpaka mguu wake ukazama kwenye mfereji wa maji machafu. Alibaki hapo, ameinama, amejifunika, hasogei. Kule mlangoni, mzee naye alikuwa ameugeuza uso kuelekea milimani.

Kilima cha kushoto kilikuwa mbele yake, kimesimama mferejini.

Mzee alirudi ndani, na hapo tu Ferista akautoa mguu.

"Anawapiga?" Hezron aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kutupiga! Ni baba mkwe, afande. Kwetu Wandali mkamwana hamwoni baba mkwe, na yeye hatuoni. Jina lake hatulitaji, letu halitaji. Nikikutana naye njiani, mimi ndiye natoka njiani." Alimshangaa. "Kwani kwenu Unamwanga mkeo hamheshimu baba yako?"

"Baba alikufa kabla sijaoa."

Na hiyo ndiyo ilikuwa sababu iliyomfanya aitazame picha ile siku zote hizo asione kitu. Nyumbani kwake hapakuwa na wa kukimbiwa.

"Mkikutana penye miiba je?"

"Naingia kwenye miiba."

"Na kwenye gogo la mto?"

Ferista alifungua mdomo ajibu, kisha akaelewa alichoulizwa. Aliinama akaanza kuokota kuni, lakini kila alichookota kilimponyoka, na machozi yakamtoka waziwazi.

Mzee Boazi alimpokea Hezron ndani, kwenye kigoda kando ya moto. Hakuuliza amefuata nini. Hezron aliitandaza picha sakafuni kati yao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Fimbo yako iko wapi?"

Mzee alisogeza ukuni motoni.

"Imekwenda na maji."

"Inspekta anasema mti huu ni rungu," Hezron alisema. "Nami nilikubali. Lakini tazama, huyu mwenye mti ameangalia kwingine. Mimi nimeona watu wengi wakipiga, sijaona anayempiga mtu huku ameangalia milima. Hii ni fimbo inayonyooshwa. Na mkono huu haukingi pigo, maana vidole vimeelekea chini, kama vya mtu anayeshika kitu au anayekiachia. Mwanao alikuwa mibunini anaona. Wewe ulikuwa mtoni."

Mabega ya mzee yalishuka.

"Alikuwa katikati ya gogo," alisema. "Mimi nilikuwa natoka kwa mgonjwa, nimeinamisha kichwa kwa sababu ya mvua. Alipotambua ni mimi akanipa mgongo, akajifunika, akatafuta pa kunipisha. Pa kunipisha pako wapi, juu ya gogo? Nikasikia maji."

"Halafu?"

"Alishika ule mzizi. Hakuniita. Angeniitaje? Nami sikumwita. Tulikuwa pale wote wawili, kimya, kama watu wasiojuana. Nikamnyooshea fimbo, uso nimeugeuza."

"Haikumfikia."

Mzee hakusema ndiyo wala siyo.

"Na mwanao umemwacha akae mahabusu, mzee?"

"Alinikataza. Alisema, nyamaza baba, bila maiti hawawezi kunifunga, lakini wewe wakisikia ulikuwepo watakumaliza. Nimefika mara mbili hadi mbele ya kituo, nikamwona mama yake binti pale barazani, nikarudi." Aliushika ule mpini. "Twende. Safari hii usiniache nirudi."

Walilala kwa jamaa njiani, na kesho yake waliingia Mbozi kwa miguu, Hezron akisukuma baiskeli, mzee akimfuata bila kupumzika. Ketrina alikuwa barazani. Aliwaangalia wakipita, akainuka, akaingia nyuma yao ofisini bila kuitwa. Inspekta alitaka kumtoa. Hezron alimwomba amwache, akaitundika picha ukutani.

Yonathani aliletwa. Alipomwona baba yake, uso ulimsawajika.

"Baba, umefuata nini huku? Si nilikuambia?"

"Nimechoka kukaa, mwanangu."

Inspekta alichukua kalamu. "Jina la marehemu, kwanza. Aseme mwenyewe."

Hezron aliona tatizo kabla mzungu hajaliona. Mzee alikaza midomo. Tangu binti yule aingie kwenye ukoo wake, alikuwa hajawahi kulitamka jina hilo, wala kutamkiwa lake. Chumba kizima kilimsubiri, na mvua ikasikika juu ya bati.

"Nesta," alisema Mzee Boazi.

Yonathani aliinamisha kichwa kama aliyepigwa.

Mzee alieleza kila kitu, na Hezron akaongeza yaliyokosekana: maji mekundu, mahali pa kusimama mibunini, namna Ferista alivyojifunika. Alijivunia kidogo usomaji wake wa picha, na akauhitimisha. "Alimnyooshea fimbo akiwa ameugeuza uso, Bwana, kama ilivyochorwa. Ndiyo maana fimbo haikumfikia."

"Hapana," alisema mzee.

"Baba, acha," Yonathani alisema.

"Hapo mwanangu amenihurumia. Amenichora vizuri kuliko nilivyokuwa." Mzee aliisogelea picha, akaugusa ule uso ulioelekea milimani. "Fimbo ilimfikia. Aliishika. Nikasikia uzito wake mkononi mwangu. Lakini huwezi kumvuta mtu majini bila kuangalia unakomvutia. Nikageuka. Nikamtazama, naye akanitazama. Akaona kwamba ninamwona." Aliondoa kidole kwenye picha. "Akaachia mkono mmoja avute kanga ajifunike. Mkono uliobaki haukuweza peke yake. Fimbo ikaniponyoka, ikaenda naye."

Hezron alikitazama kile kilima cha kushoto, mkono mmoja usoni na mwingine wazi, na kiburi chake chote kikamwisha. Alikuwa ameisoma picha karibu yote, akakosa sehemu iliyokuwa na uchungu.

"Ningefumba macho," alisema mzee. "Mpaka leo nasema hivyo, nikila, nikisali. Ningefumba macho tu, nikavuta."

"Nilikimbia, mama," Yonathani alimwambia Ketrina. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu akamatwe. "Nilikimbia kutoka kule juu. Nilipofika palikuwa na maji tu. Nilifuata ukingo mpaka giza. Yale maji yanateremka hadi bondeni kwenye joto, Kamsamba huko, hayarudishi mtu. Ningekuambia nini? Kwamba ameuawa na heshima?"

Inspekta aliiweka kalamu chini. Aliitazama picha, akamtazama mzee.

"Mfungulieni," alisema.

Konstebo alimfungua Yonathani pingu. Yonathani hakuondoka, alisimama pale pale akijishika vifundo vya mikono. Ketrina alikuwa amepita katikati yao hadi mbele ya picha. Aliipapasa kanga ya majani kwa vidole, taratibu, pale uso ulipopaswa kuwa, kana kwamba angeweza kuiinua.

"Wewe ndiye uliyemwona mwisho," alimwambia Mzee Boazi, bila kugeuka. "Mumewe alikuwa mbali. Wewe ulikuwa karibu. Uso wake ulikuwaje?"

"Mama Nesta, usiniulize hilo."

"Nakuuliza. Amekaa kwako miaka yote, ukimkwepa. Umemwona mara moja. Niambie ulichokiona."

Mzee aliinua macho. Hezron, aliyekuwa karibu, aliona kwamba hakuwa anaiangalia picha. Alimwangalia Ketrina, paji la uso, macho, mashavu yaliyolowa, akamwangalia kwa muda mrefu kama mtu anayehakikisha.

"Alifanana na wewe," alisema. "Sikuwa najua."

Ketrina aliketi sakafuni chini ya picha, akavua kitambaa cha kichwani, na msiba wa Nesta ukaanza kuliliwa pale kituoni, kwa sauti, mbele ya mzungu na askari wake wote.